Sufuria ya Kuondokea

Sijui walizaliwa wapi wala walioana lini, na mimi ni mtu wa kuuliza kila kitu. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo yale ambayo wenzangu walifundishwa ubaoni mimi nimeyaokota njiani kwa kuuliza watu. Lakini wale wawili hawakunipa nafasi ya kuuliza habari za mababu. Ukiwa nao, daima kulikuwa na jambo la kufanya kwanza.

Mtaani walijulikana kwa kazi zao za zamani. Mume alikuwa Nahodha, maana ndiye aliyeendesha kivuko cha mto Kilombero kabla ya daraja. Mke alikuwa Nesi, maana alivaa sare nyeupe hospitalini mpaka nywele zake nazo zikawa nyeupe. Hata wao wenyewe waliitana hivyo.

"Nesi, chai iko wapi?"

"Iko kwenye birika, Nahodha, mahali inapokaa chai ya watu wote."

Nimesikia mazungumzo ya namna hiyo tangu ndevu zangu zikiwa za kubahatisha.

Nyumba yao iko Ifakara, karibu na ukuta wa hospitali. Nyuma ya nyumba kuna uwanja mpana wenye banda la jiko, vyumba vya kulala vilivyoezekwa bati, pampu ya maji na kamba nyingi za kuanikia nguo. Hapo ndipo wanapokaa wauguzaji, yaani ndugu wa wagonjwa waliolazwa. Mtu akimleta mama yake kutoka Lupiro, ng'ambo ya mto, au kutoka milimani Mahenge, hawezi kwenda na kurudi kila siku. Anahitaji pa kulala, pa kukorogea uji wa mgonjwa, pa kufulia shuka. Kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa kwa Nesi na Nahodha, na hakuna aliyelipishwa kitu.

Nayaandika haya kwa sababu kuna wakati tulidhani uwanja ule umekwisha. Watoto wao wanaofanya kazi Dar es Salaam walisema wazazi wamechoka, waje wapumzike mjini. Wazazi wakaenda. Nesi, ambaye sijawahi kumwona akiogopa nyoka wala mgonjwa mwenye fujo, aliondoka na hofu moja tu: kwamba moto wa jikoni kwake ukizimika hakuna atakayeuwasha tena. Nitafika huko. Kwanza niwaonyeshe watu wenyewe.

Mimi niliingia pale kwa ajili ya rafiki yangu wa kambi ya uvuvi. Malaria ilikuwa imempanda kichwani, anaongea na samaki kama anaongea na shemeji zake. Tulimfunga kwa khanga mgongoni mwa mwenye pikipiki tukamfikisha hospitali, wakampokea, mimi nikabaki nje ya geti na mfuko wangu wa nguo. Mlinzi akaninyooshea kidole njia. Nikamkuta mama mfupi, mnene kiasi, amekunja mikono kama anayenisubiri nimechelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mgonjwa wako yuko wodi gani?"

"Ya wanaume, mama."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Basi kaa hapo, chukua kisu."

Akanisogezea sinia la vitunguu. Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi ni mgeni, ndio kwanza nimefika, hata mikono sijanawa.

"Maji yale pale," akasema. "Na hapa hakuna mgeni. Kuna mwenye kisu na anayesubiri kisu."

Ndivyo kila mtu alivyopokelewa. Aje mkulima, aje mwalimu, aje mzee wa kanisa au shehe, kabla hajakaa vizuri alikuwa na kitunguu mkononi. Nilimkuta siku moja mwanamume aliyevaa koti na tai akimenya kwa kucha, jasho linamtiririka kwa joto la Ifakara, na Nesi amemsimamia: "Baba, kitunguu kinakatwa, hakibembelezwi."

Sheria ya pili ilikuwa ya siku ya kuondoka. Mgonjwa wako akiruhusiwa, hukuaga kwa kusema asante. Nesi hakupenda asante, alikuwa akiikatiza kama mtu anayefukuza inzi. Ulichofanya ni kuloweka maharage usiku wa kuamkia siku hiyo, na asubuhi kuyabandika motoni. Ukachochea moto vizuri, ukabeba mizigo yako, ukaondoka. Maharage yakaiva wewe ukiwa barabarani, na akayala mtu ambaye hujawahi kumwona. Hiyo tuliiita sufuria ya kuondokea. Kwa hiyo pale ulikula siku zote maharage ya mtu aliyekwishaondoka, na ya kwako hukuyaonja kamwe. Asiye na maharage alichota kwenye gunia la Nesi. Asiyejua kupika alifundishwa hapo hapo, tena kwa maneno makali.

Aliyefiwa hakudaiwa sufuria. Wengine ndio waliompikia, wakamkunjia mkeka, wakamtafutia usafiri. Lakini namkumbuka mzee mmoja wa Lupiro aliyefiwa na mkewe wodini. Mavuno yalipopita alirudi kwa baiskeli, peke yake, na maharage yamefungwa kwenye kitambaa nyuma ya tandiko. Akamsalimia Nesi, akasema, "Siku ile sikubandika." Akakaa kwenye kigoda jikoni mpaka maji yalipochemka, akafunika sufuria, akapanda baiskeli yake. Nesi alimsindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hakumfanyia hata diwani.

Nahodha alikuwa kinyume cha mkewe karibu kwa kila kitu. Yeye mrefu, mwembamba, na sauti yake haikujua mahali penye mgonjwa. Miaka yote ya kupiga kelele juu ya injini ya kivuko ilimharibia koo. Hata akikunong'oneza siri, kuku wa jirani walishtuka. Nesi alimwambia kila siku, "Nahodha, injini ilishazimwa. Hapa watu wamekesha na wagonjwa."

"Mimi naongea kawaida!"

"Wewe unaongea na watu wa ng'ambo."

Alipenda sifa kama mtoto anavyopenda sukari. Ukimwambia kivuko chake kilikuwa kizuri, ulikuwa umepoteza asubuhi nzima. Alisimulia viboko waliolala kwenye njia yake, mafuriko yaliyong'oa kamba, maharusi aliowavusha wakiwa wamegombana upande huu na kupatana katikati ya maji. Viboko walikuwa wakubwa zaidi kila nilipopita. Lakini kuna mambo aliyoyanyamazia, nikayasikia kwa watu wa Lupiro: kwamba mvua zikiwa kali na kivuko kimesimamishwa, mama mwenye uchungu akiletwa ukingoni, Nahodha alitafuta mtumbwi akamvusha mwenyewe kwa kasia. Nilipomuuliza, alikohoa. "Aa, maji yalikuwa madogo tu." Ndiyo mara pekee niliyomsikia akipunguza kitu.

Na mtu huyo huyo aliogopa sindano. Mume wa nesi! Siku ya chanjo alipotea mtaani, akapatikana amejificha kwa jirani yao, fundi baiskeli, amekaa nyuma ya matairi. Nesi alimfuata na kijisanduku chake. Watu wa uwanjani waliacha sufuria wakaenda kutazama. Alichomwa huku amemshika fundi mkono, amefumba macho, anapiga kelele zilizosikika hadi sokoni.

Aliwahi kuwa mwenyekiti wa mtaa, na hapo ndipo nilipomwelewa. Watu walimletea kesi zao barazani: maji, mipaka, mbuzi. Alikuwa na benchi moja ambalo miguu yake ya pembeni ilivunjika ikabaki ya katikati, likawa linakalika tu kama watu wawili wamekaa mmoja ncha hii, mwingine ncha ile. Mmoja akisimama ghafla, mwenzake anaanguka. Wagombanao aliwakalisha hapo. Mkulima ambaye mpunga wake umeliwa na ng'ombe ncha hii, mfugaji wa Kisukuma ncha ile. Alianza kwa kumsalimu mfugaji kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa lafudhi iliyowachekesha wote wawili, halafu akawaacha waongee. Mkulima akipandwa na hasira, akitaka kusimama amtishe mwenzake, alikumbuka kwamba akisimama yule ataanguka na baraza zima litacheka, na yeye ndiye ataonekana mkorofi. Basi walibaki wamekaa. Watu wakikaa muda mrefu pamoja bila kuweza kunyanyuka, huishia kusema la maana.

Mimi nilimuuliza kwa nini hatengenezi benchi lile.

"Nitengeneze! Kisha nitafanyaje kazi?"

Alikuwa na kasoro moja iliyomtesa mkewe: aligawa vitu bila kuuliza ni vya nani. Aligawa mwavuli wa Nesi, koleo la fundi, na siku moja baiskeli yake mwenyewe, kwa mtu aliyekuwa anarudi Mang'ula na mtoto mgonjwa. Nesi alilalamika mchana kutwa juu ya baiskeli hiyo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikichonga mpini, nikamwona kwa macho yangu, kabla mtu yule hajaondoka, akipenyeza pakiti ya sukari na sabuni chini ya nguo za mtoto. Alipogeuka akanikuta namtazama.

"Wewe mzururaji, umeona nini?"

"Sijaona kitu, mama."

"Vizuri. Endelea kutoona."

Hilo ndilo lililokuwa jina langu kwake, mzururaji, na nililistahili. Nimebeba magunia kwenye mashine za kukoboa mpunga, nimekata miwa, nimewabebea wageni mizigo kule Mang'ula milimani, nimeuza ndizi za Sanje kando ya barabara. Sikudumu popote. Lakini kila njia yangu ilipita Ifakara, na kila nikipita Ifakara nilipita kwao.

"Leo unamuuguza nani?" Nesi aliniuliza.

"Njaa, mama."

"Hiyo haina wodi. Kapasue kuni."

Nilipasua kuni nikiuliza maswali. Niliuliza uwanja ulianzaje, nikapata majibu mawili yasiyokutana. Nahodha alisema ulianza na yeye: mto ulifurika, kivuko kikasimama, watu wa ng'ambo wakakwama na wagonjwa wao waliokwisharuhusiwa, akawaleta wote nyumbani bila kumwambia mkewe. Nesi alisema huo ni uongo mtupu, kwani alipowaleta walikuta tayari kuna watu. Yeye ndiye aliyeanza, alipomkuta mwanamke amejikunyata nyuma ya chumba cha kufulia, anakoroga uji huku ameufunika moto na mgongo wake usinyeshewe. "Nikamwambia, mama, huo uji utaungua na wewe utaungua. Nenda nyumbani kwangu." Walibishana juu ya hilo mbele yangu mara nyingi, na kwa raha kiasi kwamba niliacha kuuliza nisije nikapata ukweli nikawaharibia.

Swali moja lilinikaa zaidi. Kwa nini vitunguu? Kwa nini usimpe mtu aliyechoka kikombe cha chai kwanza, apumzike? Nilimuuliza mchana mmoja, watu wengi wakiwa wodini. Alikuwa anapepeta mchele, hakuniangalia.

"Mtu anayeuguza akikaa bure anawaza," akasema. "Akiwaza analia. Na watu wa kwetu wakimwona mtu analia wanamzunguka: una nini, kimetokea nini, pole. Anajikaza, machozi yanarudi ndani. Kisha anakwenda kuyamwaga mbele ya mgonjwa." Akapuliza pumba. "Ukimpa kitunguu, atalia mpaka atosheke na hakuna atakayemuuliza kitu."

Nilitazama sinia. Nilikumbuka siku yangu ya kwanza, rafiki yangu akiwa wodini anaongea na samaki, na jinsi macho yalivyonichuruzika kwenye kisu kile. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba ni ukali wa vitunguu vya Ifakara. (Rafiki yangu alipona. Mpaka leo anakana kwamba aliwahi kumwita kambale shemeji.)

Habari kwamba wanakwenda Dar ziliposikika, mtaa uliamua kuwafanyia sherehe ya heshima. Nahodha alifurahi sana. Alipeleka suti yake ikapunguzwe kiunoni, akaanza kufanyia hotuba mazoezi bafuni, na kwa sauti yake hakuna asiyeijua hotuba ile kabla ya siku yenyewe. Nesi alinuna. Alisema watu wanaoheshimiwa hadharani huwa wamekaribia kufa au kugombea udiwani. Ila alikubali, kwa kuwa Nahodha alikuwa na raha kama mtoto wa kipaimara.

Matangazo yakatolewa kanisani na msikitini, simu zikapigwa kila upande: wote waliowahi kuuguza kwa Nesi na Nahodha waje, na kila familia ilete chakula kidogo. Walikuja. Kutoka Lupiro kwa pikipiki na baiskeli, kutoka Mang'ula na Sanje kwa mabasi, wengine wamebeba watoto waliozaliwa katika hospitali ile. Turubai likajaa. Nesi na Nahodha wakakalishwa kwenye makochi yaliyoazimwa, wakavishwa khanga juu ya khanga mpaka Nesi akawa haonekani shingo. Risala ikasomwa. Wakakabidhiwa ubao wa mninga uliochongwa majina yao na maneno mazuri ya shukrani, na Nahodha akaupigia ubao ule makofi kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Kisha mshereheshaji akatangaza chakula. "Tutaanza na wali!" akasema. Kina mama wakaanza kufunua vyombo mezani. Sufuria ya kwanza, maharage. Ya pili, maharage. Wakafunua meza nzima, beseni kwa ndoo kwa chungu. Maharage ya nazi, maharage ya karanga, maharage makavu, maharage yaliyokolea na yaliyopooza. Wali haukuwepo hata kijiko. Kila mtu, alipoambiwa alete chakula kwa Nesi, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye maharage.

Hii ni Ifakara, mpunga unaanikwa mpaka kwenye ngazi za maduka. Hata msiba wa mtu asiye na ndugu hupata wali. Halafu Nahodha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akalishika kochi, na turubai lote likamfuata. Mwanamke mmoja wa Sanje akapiga kelele kwamba wao wameleta mikungu ya ndizi kama zawadi, zimenyeni! Hapo Nesi akainuka, akavua zile khanga zote moja baada ya nyingine, akakunja mikono. "Haya," akasema, "kila mtu na kisu." Diwani naye alipewa chake. Tulikula ndizi na maharage mpaka tukashindwa kuinuka, na nadhani hiyo ndiyo saa pekee ya sherehe ile ambayo Nesi aliifurahia.

Zamu ya hotuba ilipofika, Nahodha alisimama, akatengeneza koti, akatazama watu. Hotuba tuliyoijua sote kwa moyo haikutoka. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Karibuni maharage," akakaa.

Ubao ule ulizua ugomvi wao wa mwisho pale nyumbani. Nahodha aliupigilia misumari juu ya geti. Nesi alisema mtu mwenye shida akiona geti lina majina na maandishi ya kuchonga atadhani ni ofisi, ataogopa kuingia. Nahodha akasema watu lazima wajue. "Wajue nini?" "Watujue!" Ubao ukabaki juu.

Asubuhi ya safari, ufunguo wa stoo ulikabidhiwa kwa fundi baiskeli, mizigo ikapakiwa. Nahodha akamwambia mkewe, na safari hii hakupiga kelele, "Nesi, hujabandika."

Sote tuliangalia jikoni. Moto ulikuwepo, wa wauguzaji waliokuwa wakikoroga uji.

"Anayebandika ni anayeondoka," akasema Nesi. "Mimi naenda kusalimia watoto." Akapanda gari. Lakini nilimwona alivyogeuka kutazama ule moshi mpaka kona.

Mimi nilikwenda zangu upande wa Mlimba, kisha kwingine. Niliporudi Ifakara nilikuwa nimepata bajaji ya kuendesha, na nikawa nasubiri abiria stendi. Basi la Dar likaingia. Kabla sijaona mtu nikasikia sauti: "Taratibu na hilo sanduku, kijana, hilo si gunia la mpunga!" Nikajua.

Walikuwa wamekonda kidogo, na wameng'aa, kama watu waliokaa sana ndani. Nikawaamkia. Nahodha akanikumbatia, akaanza habari za lifti ya jengo la watoto wake, ambayo alisema inaendeshwa vibaya. Nesi aliitikia "marahaba" akapanda bajaji.

"Mmemwambia nani kwamba mnakuja?" nikauliza.

"Hakuna," akasema Nahodha. "Huyu kakataa hata kupiga simu. Tangu tumeondoka hajapiga hata mara moja kuuliza uwanja."

"Nikipiga simu wataniambia ninachotaka kusikia," akasema Nesi. "Nataka kuona. Kama moto umezimika, nilale leo nikijua umezimika." Alikuwa ameshika chuma cha bajaji kwa mikono yote miwili, na barabara ile haina mashimo.

Tulipokaribia akaniambia nisimame kabla ya geti. Ubao wa mninga haukuwepo tena juu, palibaki misumari. Nahodha akaguna kwa uchungu. Fundi baiskeli alituona kutoka kibandani kwake, akaruka kutaka kupiga kelele za furaha, na Nesi akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Fundi akakaa chini polepole na tairi lake. Tukaingia, mimi nyuma na sanduku.

Kwanza niliona nguo kwenye kamba, nyingi. Halafu moshi. Jikoni alikuwepo mwanamke kijana, mtoto mgongoni, anachochea kuni. Sikuwa nimewahi kumwona, na ilikuwa wazi kwamba naye hakuwahi kumwona yeyote kati yetu.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba mwanangu."

"Poleni na safari. Mgonjwa wenu yuko wodi gani?"

Nahodha akavuta pumzi ya kujitambulisha. Nesi akamfinya.

"Tumekuja kumwona tu," akasema. "Hatujajua hali yake."

"Mungu atasaidia, mama. Mimi nimemleta mama yangu kutoka Lupiro, anaendelea vizuri. Basi kaa hapo, chukua kisu." Akavuta kigoda. "Hapa hakuna mgeni. Na wewe mzee shikamoo, ila tafadhali sauti chini, kuna watu wamekesha na wagonjwa."

"Lakini mimi sijasema kitu!" akasema Nahodha, na kuku wakatawanyika.

"Ndiyo hiyo, babu."

Nesi akakaa. Mwanamke akampa vitunguu, na chini ya vitunguu akampa ubao wa kukatia. Ulikuwa mzito, mwekundu, umechakaa kwa visu, na pembeni una matundu ya misumari. Nahodha aliutazama ubao ule, macho yakamtoka. Nesi alipapasa upande wa chini kwa vidole, mahali penye maandishi, akauacha ulale vile vile. Akaanza kukata.

Alikata kitunguu cha kwanza vizuri. Kwenye cha pili machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta. Yaliteremka mashavuni yakadondokea kwenye ubao.

"Mke wangu," akasema Nahodha, akiinama, "una—"

"Muache, babu," akasema yule mwanamke wa Lupiro bila kugeuka kutoka motoni. "Vitunguu vya huku ni vikali. Wewe kijana wa bajaji, umesimama nini? Kuni zile pale."

Nikaenda kupasua kuni.

Baadaye tulipakuliwa maharage. Nesi akaonja, akatafuna polepole. "Nani kapika?"

"Simjui, mama. Ameondoka asubuhi."

"Chumvi haikutosha."

Mwanamke akacheka. "Siku yako ikifika, utaweka unayotaka."

Hawakumwambia. Fundi baiskeli alipita pale mara kadhaa usiku ule kwa visingizio, mdomo unamuwasha, na kila mara Nesi alimtazama tu. Walilala kwenye mikeka pamoja na wauguzaji wengine, ingawa nyumba ilikuwa yao na ufunguo wake walikuwa nao.

Asubuhi nilipokwenda kuwachukua niwapeleke stendi kwenye basi la Dar, Nahodha alikuwa getini na sanduku, amevaa tayari, ananong'ona jambo lililosikika mtaa mzima. Nesi alikuwa jikoni, ameinama juu ya sufuria. Maharage yalikuwa yameanza kuchemka. Akatupia chumvi, akachochea moto, akasogeza kigogo kimoja ndani zaidi, akafunika.